Aliyepima Ngazi ya Tano

Walianza kumpiga Gasper kabla sijafunga mlango wa gari. Haruna, mtoto wa mwenye yadi, alimtia kofi la kwanza, akamshika ukosi wa shati, akamburuta juu ya maranda hadi kwenye boti iliyokuwa ikijengwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, katika yadi ya boti ya Mzee Saidi, ufukweni Ujiji. Fundi mmoja alichukua kasia akampiga nalo mgongoni. Kasia lilivunjika.

"Kasia lako mwenyewe hilo, Gasper!" alipaza sauti mtu kutoka nyuma. "Ulichonga mti mbovu!"

Watu walicheka, kisha wakaendelea kumpiga.

Mimi sikuguswa. Mwanamke aliyekuwa akiloweka pamba kwenye mawese alifuta mikono, akaniletea kiti cha plastiki na chupa ya soda.

"Kaa, bibie," alisema. "Wewe mgeni. Huu ni ugomvi wa nyumbani."

Nilikaa.

Jina langu ni Leonia. Ni mchumi. Kwa miezi minane niliongoza kazi ya kukadiria mahitaji ya wafanyakazi mkoani Kigoma hadi mwaka 2030, kwa kila ngazi ya elimu na mafunzo. Tuliwauliza waajiri, kutoka Kibondo hadi Uvinza, wanatarajia kuajiri watu wangapi na wenye elimu gani. Kisha tulihesabu watu waliopo na ujuzi wao. Ngazi zilikuwa tano: shahada, stashahada, cheti cha ufundi, kidato cha nne, na wasio na mafunzo. Matokeo yalitoshea kwenye jedwali la ukurasa mmoja. Jedwali lilionyesha kwamba mahitaji ya wenye cheti yataongezeka kwa theluthi moja, na mahitaji ya ngazi ya tano yatapungua kwa karibu nusu.

Gasper alikuwa mdadisi wangu. Ndiye aliyepita Ujiji nzima akijaza fomu. Alikuwa amejifunza ujenzi wa boti katika yadi hii hii kwa miaka mitano, akaondoka miaka miwili kabla ya kuhitimu. Mkono wake wa kulia ndio uliomlisha: asubuhi alichonga makasia nyumbani kwake Buzebazeba, mchana alinijazia fomu.

Wiki mbili baada ya jedwali kutolewa, kampuni moja iliyokuwa ikifungua yadi mpya ya boti ilibandika tangazo getini. Ilitaka wenye cheti cha ufundi au zaidi. Chini ya tangazo walikuwa wamebandika jedwali langu. Mafundi sitini na watatu wa Ujiji walikwenda pale na zana zao mabegani. Walinzi waliwatawanya kwa virungu. Bonifasi, fundi wa kuziba nyufa za boti kwa pamba, alipigwa usoni. Madaktari walishindwa kuliokoa jicho lake la kushoto.

Siku tatu baadaye Mzee Saidi alinipigia simu. Aliniomba nije nieleze jinsi mafundi wake walivyohesabiwa, na nije na Gasper. Nilidhani anataka maelezo. Nilichapa nakala arobaini za jedwali, nikazipanga kwenye bahasha.

Sasa bahasha ilikuwa mapajani mwangu, na Gasper alikuwa chini akitema damu.

"Sema mwakeye, mwenzetu!" Haruna alimwambia, akimpiga teke la ubavu kwa kila neno. "Umesahau kutusalimia? Au siku hizi unasalimia wenye vyeti tu?"

"Haruna, nisikilize..."

"Nilikusikiliza uliponiuliza nimesoma wapi. Nikakwambia hapa. Ukaandika. Uliandika nini?"

Haruna alimkanyaga shingoni.

"Mwache," alisema Mzee Saidi.

Alitoka kwenye kibanda cha zana akitembea polepole. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu iliyochakaa na nyundo ya mti mkononi. Nilisimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa unywe soda yako." Hakunitazama tena. "Mwinueni. Kama ni kosa la kazi, litaamuliwa kama makosa ya kazi."

Yadi ile ilikuwa na kawaida yake. Gasper mwenyewe alinisimulia siku ya kwanza tulipokuja kujaza fomu, nami nilicheka. Ubao ukikatwa vibaya, fundi aliyeukata huweka mkono juu ya mkuku, yaani mti mkubwa wa chini unaobeba boti nzima. Mkuu wa yadi huuliza maswali mawili: nani alikata, na nani alipima. Kosa ni la aliyepima. Lakini mkataji haruhusiwi kumtaja, kwa sababu kila mkataji angemsingizia mwenzake. Aliyepima lazima ajitaje mwenyewe. Swali huulizwa mara tatu. Asipojitokeza, nyundo humwangukia mkataji.

Watu wawili waliupeleka mkono wa kulia wa Gasper juu ya mkuku wakaushikilia hapo.

"Nani alikata?" Mzee Saidi aliuliza.

"Mimi, Mzee."

"Nani alipima?"

Gasper aliinamia mkuku. Hakunitazama. Haruna alimpiga ngumi ya sikio, na kichwa chake kikagonga ubavu wa boti.

Nilijua nani alipima. Gasper alikuwa ameandika pembezoni mwa kila fomu ya fundi wa boti wa Ujiji, kwa herufi ndogo: "Amejifunza miaka saba, amehitimu mbele ya mashahidi, ana tezo lake." Kwao, fundi kukabidhiwa tezo lake mwenyewe la kuchongea mbao ni sawa na mwingine kukabidhiwa cheti. Fomu hizo zilikuwa mia moja thelathini na saba. Zilifika mezani kwangu Katubuka siku ya Ijumaa. Programu ya kompyuta ilikubali namba moja hadi tano tu. Niliifuta safu ya maelezo, nikawaingiza wote kwenye ngazi ya tano. Kazi hiyo ilinichukua dakika ishirini.

"Nani alipima?" Mzee Saidi aliuliza mara ya pili.

Soda ilikuwa imeanza kupata moto mkononi mwangu. Niliwaza kwamba polisi hawako mbali. Niliwaza kwamba mzee mwenye sura ya utu namna ile hawezi kuvunja mkono wa mtu aliyemfundisha. Niliwaza pia, na sitaficha, kwamba hakuna mtu pale aliyejua zaidi ya Gasper na mimi.

Haruna aliokota kipande cha kasia kilichovunjika akampiga nacho mdomoni. Jino lilitoka. Gasper alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Bado moja," alisema Haruna. "Halafu utachonga makasia kwa miguu."

Mzee Saidi aliinua nyundo hadi usawa wa bega. Nilimwona akipanga miguu yake kama mtu anayejiandaa kupigilia kigingi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba atapiga.

"Nani alipima?"

"Mimi," nilisema.

Kiti kilianguka nyuma yangu. Watu waligeuka. Haruna alicheka.

"Bibie, usimwonee huruma. Huyu ni wetu, tunajua tabia zake."

"Fomu namba themanini na nane ni ya baba yako," nilimwambia. "Gasper aliandika kwamba amejenga boti mia mbili na kumi, na kwamba ametoa mafundi thelathini na mmoja. Fomu namba tisini na mbili ni yako. Gasper aliandika kwamba unapinda mbao za mvule kwa kuzipasha moto mara moja tu. Yote hayo aliyaandika. Mimi niliyafuta."

Kicheko kilimwisha. Mzee Saidi alishusha nyundo.

"Uliyasoma kwanza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukayaelewa?"

"Niliyaelewa."

"Sasa kwa nini uliyafuta?"

Nilimwambia kama ilivyokuwa.

"Jedwali lilikuwa na ngazi tano. Nyinyi mlikuwa ngazi ya sita. Kuongeza ngazi kungenichelewesha wiki tatu."

Kisha mwanamke aliyeniletea soda alinijia mbio akanipiga kofi kwa mkono wenye mawese. Baadaye niliambiwa kwamba ni Shadia, mke wa Bonifasi.

"Wiki tatu!" alipiga kelele. "Jicho la mume wangu ni wiki tatu!"

Wengine walifuata. Mtu alinivuta nywele, mwingine alinipiga teke la goti nikaanguka. Bahasha ilipasuka na nakala zikatawanyika kwenye maranda. Walizikanyaga walipokuwa wakinikanyaga. Nilisikia Gasper akiita, "Mzee! Mzee, amejitaja! Kawaida inasemaje?"

"Mwacheni," alisema Mzee Saidi, na wakaacha. "Amejitaja. Mleteni hapa."

Walimwachilia Gasper. Nilipiga magoti mbele ya mkuku. Niliweka mkono wa kushoto.

"Unaandika kwa upi?" Mzee Saidi aliniuliza.

Niliuondoa wa kushoto, nikaweka wa kulia.

"Unaweza kulirekebisha jedwali?"

"Naweza kuandika jipya. Lakini kampuni hailazimiki kulisoma. Tayari imeajiri."

"Asante kwa kutonidanganya," alisema, akapiga.

Mfupa ulipasuka kwa sauti kavu, kama ukuni. Maumivu yalikawia kidogo, kisha yakaja yote kwa pamoja, na nikatapika soda juu ya viatu vyangu. Nilipofungua macho, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeelekea upande usio wao. Mzee Saidi alimkabidhi mwanawe Haruna nyundo.

"Limekwisha. Mpeni maji anawe uso. Na asiwepo mtu wa kumgusa tena, wala Gasper."

Haruna hakuridhika. Alikichomoa kitambulisho cha udadisi shingoni mwa Gasper, akakivunja kwa kisigino na kukitupa ziwani. Kisha alirudi kwenye boti, akachukua randa, akaanza kulainisha ubao. Mafundi wengine walirudi kazini mmoja mmoja. Shadia alinimwagia maji kichwani, akarudi kwenye pamba yake.

Gasper ndiye aliyeendesha gari. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na alikuwa akitemea damu kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeufunga mkono wangu kwa kanga niliyoikuta kwenye kiti cha nyuma. Tulipita Buzebazeba. Kila shimo la barabara lilinifikia kwenye vidole.

"Madamu," alisema hatimaye. Maneno yalipita kwa shida kwenye pengo la jino. "Hospitali wakiuliza, tutasema nini?"

"Tutasema ukweli. Nitaandikisha maelezo polisi pia, kwa ajili yako."

"Mimi siandikishi. Pale ndipo nitakaporudi kumalizia miaka yangu miwili, wakinikubali. Wewe kwa mkono wako fanya utakavyo."

"Watakukubali. Sikukusikia ukinitaja."

"Hairuhusiwi kutaja."

"Najua."

Alipunguza mwendo nyuma ya lori la mawese. Alilitazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu.

"Ndiyo, unajua," alisema. "Mimi mwenyewe nilikusimulia. Swali la kwanza ulilisikia. La pili ulilisikia, ukiwa umekaa. Madamu, ulikuwa unasubiri nini?"

Nilimwambia aangalie barabara.