Upepo wa Kamba

Gerson alirudi kutoka kwenye mikorosho akiwa ametapakaa unga wa dawa ya salfa mpaka kwenye kope. Alioga, akala ugali wa muhogo, kisha akamwambia mkewe, "Mama Cecilia, twende ukawe upepo."

Emilia naye alikuwa hoi. Hata hivyo alijitanda khanga, wakafuatana hadi shule ya sekondari hapo Masasi, ambako Mwalimu Ethel aliwaachia kompyuta moja waitumie masomo yakiisha.

Zamani Gerson alikuwa rubani. Si wa ndege kubwa. Alirusha kindege chepesi chenye bawa la kitambaa na viti viwili vilivyo wazi, akiwazungusha watu wa mradi waliohesabu tembo kando ya Ruvuma. Mradi ulipokwisha, wazungu walifunga mizigo, kindege kikauzwa, naye akarudi kwenye mikorosho. Sasa bosi wake wa zamani alikuwa amepiga simu shuleni. Mradi mpya unaanza, rubani anatakiwa, ila atapimwa kwanza huko Dar es Salaam.

Kompyuta ile ilikuwa na mchezo wa kurusha ndege, lakini kirungu chake cha plastiki cha kuongozea kilimkera.

"Kinakwenda kama mwiko kwenye uji," alimwambia Ethel. "Ukikizoea hiki, siku ya kweli utajiua."

Basi akatengeneza chake. Alisimamisha fremu ya miti, akaning'iniza bomba la chuma kama lile analoshika rubani: ukilivuta kifuani pua inashuka, ukilisukuma inapanda. Alifungua redio mbovu, akatoa vile vifaa vya ndani vya kuongezea sauti, akaviunganisha na bomba kwa upande mmoja na nyaya za kirungu kwa upande mwingine, ili kila bomba likisogea kompyuta ijue. Pedali ya mafuta ilitoka kwenye cherehani. Uzito aliupata kwa mipira ya ndani ya baiskeli, akiikaza na kuilegeza mpaka mikono yake ikaukumbuka.

Kilichobaki kilikuwa upepo. Hapo ndipo alipofunga kamba kwenye bomba, akampa Emilia asimame nyuma na kuvuta ghafla, upande autakao.

Jioni ile Ethel alikuwa bado anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, Baba Cecilia. Bega linaendeleaje?"

"Marahaba, mwalimu. Limepona."

Bega la kulia liliteguka alipoanguka na pampu ya salfa mgongoni. Emilia, aliyekuwa akilikanda kila asubuhi, alikwenda kushika kamba.

Gerson aliketi, akakanyaga pedali, kindege cha kwenye kioo kikapaa. Emilia akavuta kamba. Bomba likaenda kushoto, Gerson akalirudisha. Akavuta tena. Gerson akalirudisha, safari hii akitumia kifua. Jasho lilimtiririka shingoni. Alipoanza kushuka kutua, Emilia alivuta mara mbili mfululizo. Mkono wa kulia ukaachia. Kioo kikageuka kijani kitupu, kisha kikasimama.

"Tena," alisema Gerson.

Wakarudia. Kindege kikaanguka tena.

"Mama Cecilia, leo unavuta kwa nguvu sana."

Emilia alizungusha kamba mkononi bila kumtazama. "Baba Cecilia, navuta nusu tu. Tangu tuanze, nimekuwa nikivuta nusu."

Ethel aliacha kalamu. Gerson alinyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mapajani kama mtoto aliyelala.

"Nyuma yangu kungekuwa na mtu," alisema. "Kile kiti cha pili hakikai tupu."

"Najua."

"Ungeniambia mapema."

"Ulikuwa unarudi nyumbani ukiimba. Nilishindwa."

Kesho yake Gerson alipiga simu akasema bega halifai, watafute mwingine. Bosi alisikitika, akamshukuru, akakata.

Ethel aliuliza kama waibomoe fremu. Gerson alitaka kusema ndiyo. Badala yake alimgeukia mkewe. "Kaa wewe."

Emilia alishika bomba, akalivuta, na macho yakamtoka. "Mungu wangu! Mzigo huu wote ulikuwa unaubeba angani?"

"Asubuhi nzima," alisema Gerson. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Sukuma taratibu. Usiogope, upepo umepumzika."