Wali Usionukia

Mwaka ule mpunga wa Luhende ulikuwa wa kijani hadi unakaribia weusi. Ukisimama kwenye tuta la jaruba lake pale kijijini Choma na kutazama kushoto, ungedhani mtu katandika zulia la harusi. Kulia, kwa jirani yake Ngollo, kulikuwa na mpunga mfupi, mwembamba, wenye rangi ya chai iliyokosa majani. Na Luhende hakuwa mtu wa kuona kitu kama hicho akafunga mdomo.

"Ngollo! Huo mpunga umeupima malaria?"

"Cheka tu," alisema Ngollo, anaziba tuta kwa jembe. "Mimi mbolea sina. Nina Mungu na samadi ya mbuzi wawili, na mmoja kafa."

Wakacheka wote. Lakini kicheko cha Luhende kilikuwa kifuniko, na chini ya kifuniko palikuwa panachemka. Nyumbani, bibi yake Theodora, aliyemlea tangu kaburi la mama yake halijakauka, alikuwa anapungua kama sabuni iliyosahaulika majini. Macho yalishamwacha zamani. Sasa na chakula kilianza kumpa mgongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo bibi wa huko anavyomwita mjukuu wa kiume, hata awe na mke na ndevu. "Umeniletea nini, au umekuja mikono mitupu kama mkwe mchoyo?"

"Nimeleta njaa."

"Hiyo ninayo. Kinachonishinda ni mdomo. Mpunga wangu umechanua?"

"Bado kidogo."

"Basi nitakula huo. Nikionja wali wa jaruba langu mtaniruhusu niende. Kabla ya hapo siendi, hata waje kunichukua na machela."

Hayakuwa maneno ya mgonjwa tu. Katika nyumba ile mchele mpya hauliwi wala hauuzwi kabla Theodora hajauonja. Mbegu ilikuwa yake. Walisimuliana kwamba babu yake, mpagazi wa misafara, ndiye aliyeitoa Tabora ikiwa imefungwa kwenye pindo la shuka. Kila mavuno yeye hufunuliwa sufuria, akavuta hewa, akatia tonge, kisha akaupa mwaka jina: mwaka wa nzige, mwaka wa mvua ya mawe, mwaka Luhende alipoanguka kisimani. Akishataja, ndipo watu wanawe mikono. Wala hakuhitaji macho. Wali ule ukiiva, hata mwenye haraka barabarani alikuwa anashuka kwenye baiskeli akajifanya anakaza mnyororo.

Ndiyo maana Luhende aliapa kwamba mwaka huu jaruba halitamwangusha. Alitia mbolea ya yurea mara ya kwanza, akatia ya pili. Bwana shamba akamwambia inatosha, mpunga ukishashika mimba usiulishe tena. Akaitikia vizuri kabisa. Kisha asubuhi moja akaona majani ya chini yameanza kuwa manjano, akakumbuka viganja vya bibi yake vilivyogeuka manjano vilevile. Mpunga ulikuwa unajiandaa kuzaa. Yeye akaona mgonjwa.

"Baba Recheli, si ulikatazwa?" mkewe Jenifa alimuuliza alipomwona anabeba mfuko.

"Mgonjwa akikubali kula, utamnyang'anya bakuli?"

Akamwaga tena.

Mpunga ukarudi ujanani. Ngollo alivuna, akapura, akaanika, na jaruba la Luhende bado linatoa majani kama halina habari. Mvua ya mwisho ikaulaza upande wa chini. Kila jioni swali lilitoka ndani, dogo kuliko la jana: "Umeiva?" Na kila jioni Luhende alijibu, "Unakuja, bibi. Unajipamba."

Hatimaye uliosimama ukaiva. Mashineni, Mfaume mwenye kinu alichota mchele kiganjani akapiga mluzi. "Huu umetoka wapi? Mzima mzima, hauna chenga! Upeleke Tabora mjini, pale Gongoni wanunuzi watapigana ngumi." Luhende alirudi na baiskeli yake anaimba.

Jenifa alipika. Alipofunua sufuria, Luhende alisikia harufu ya kuni tu. Akajiambia ana mafua.

Theodora aliinamisha uso juu ya sahani, akavuta hewa, akavuta tena. "Mume wangu, wa dukani wa nini?"

"Ni wako, bibi. Wa jaruba lako."

Akatia kidogo mdomoni. Akatafuna, akatafuna, punje zilikuwa ngumu, kila moja na lake, kama watu waliogombana na maji. Akazitoa taratibu kiganjani, kwa adabu, kama aliye ugenini.

"Nitanie kwa mengine yote," alisema. "Kwa hili usinitanie. Nitangoja wangu."

Luhende akatoka. Miguu ikampeleka kwa Ngollo, ambaye mbegu yake aligawiwa na Theodora huyohuyo.

"Eh! Daktari wa malaria!" Ngollo alimpokea.

Luhende alifungua kinywa arudishe utani, akajikuta anaomba. "Nipe kibaba cha mchele, ndugu yangu. Bibi ameukataa wangu."

Ngollo hakucheka. Afadhali angecheka. "Chenga tupu, utanisamehe," alisema, akampimia.

Maji hayajakauka vizuri kwenye sufuria, harufu ilishazunguka ua na kuingia ndani bila hodi.

"Jenifa!" sauti ikatoka kitandani. "Kumbe mlikuwa mnanificha!"

Alikula. Alikula kama mtu aliyetoka safari, na Luhende akimlisha huku amekaza meno. Alipotosheka, aliegemea ukuta.

"Bibi, mwaka huu tuuiteje?"

Theodora alipapasa hadi akaushika mkono wake. "Umpelekee Ngollo shukrani. Jaruba lake tulilichimba mimi na mama yake. Lina chumvi kidogo, nalijua."

Luhende hakupata pa kuficha uso, akasahau kwamba haonekani. "Nilitaka ushibe, bibi."

"Najua. Wewe hujui kupenda kidogo. Mbegu haijafa, imevimbiwa tu. Mwakani iache ione njaa. Kisha uonje wewe."

Uonje wewe. Akaelewa.

Theodora alifariki mchele wa Ngollo haujaisha kibabani. Msibani walipika ule wa Luhende, masufuria makubwa, na waombolezaji waliusifu sana: wali umechambuka, wali hauna chenga, huyu kijana kalima. Luhende alipakua bila kuinua macho.

"Nyumba hii kila mwaka una jina," mzee mmoja alimwambia, anajaribu kumchangamsha. "Wewe ndiye mwonjaji sasa. Huu ni mwaka wa nini?"

Watu wakamgeukia, wamejiandaa kucheka, maana walimjua. Luhende akautafuta mzaha mdomoni, huku na huku. Hakuupata. Akaendelea kupakua.