Aliyewekwa Nyuma

Mvua ya asubuhi ilidondoka kutoka kwenye nyasi kuukuu za paa la kanisa, ikaliangukia blanketi lililomfunika Mideva. Jescah aliisogeza machela ya fito karibu na ukuta, lakini ukuta nao ulikuwa umelowa. Vijana wanne waliombebea binti yake kutoka bondeni walisimama kando, kofia mikononi. Nyuma yao wifi yake, Roda, alikuwa amekibeba mgongoni kichanga ambacho Mideva alikufa akikizaa.

Jescah hakutaka mengi. Alitaka mwanawe aingizwe ndani, aombewe, na kengele ipigwe polepole kama alivyopigiwa kila Mkristo aliyefariki huko Khwisero. Asiyepigiwa kengele alizikwa kama aliyetupwa.

Mchungaji Barnaba alitoka, akaurudisha mlango.

"Pole, Mama Mideva. Lakini sheria unaijua. Binti aliwekwa nyuma."

Ndivyo walivyosema kanisani. Msichana aliyebeba mimba bila ndoa aliondolewa benchini, akaketi sakafuni karibu na mlango, akanyimwa meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya wazee.

"Alitubu, Mchungaji. Kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mungu alisikia."

"Mungu alisikia. Wazee hawakusikia."

"Na aliyempa mimba, mbona hakuwekwa nyuma?"

"Hakuletwa mbele yetu."

"Huwa mbele yenu kila Jumapili. Benchi la kwanza."

Barnaba alivitazama viatu vyake. Honi ikalia barabarani, naye akashuka mbio, kanzu ameikunja mkononi.

Kengele ikaanza kulia.

"Wamempigia, wifi," Roda alinong'ona.

Jescah akapiga magoti topeni. Lakini kengele haikwenda polepole. Iliharakisha, ikachangamka kama ya arusi. Gari jeusi likapanda kilima, lori la mabati ya paa jipya la kanisa likilifuata. Ndani ya gari alikuwamo Cleophas, diwani mpya wa enzi za Uhuru, akipunga mkono. Alipoifikia machela aligeukia upande wa pili. Kichanga mgongoni mwa Roda kilikuwa na paji la uso la diwani huyo, pana vilevile.

"Mama, sogeza maiti yako tushushe mabati," alisema utingo wa lori. "Yatanyeshewa."

"Mabati yameumbwa kunyeshewa, mwanangu."

Utingo akacheka. Wale vijana wanne hawakucheka. Ila mzee wa kanisa alipowaita wakashushe, walivaa kofia zao, wakaenda.

Barnaba akamwingiza mgeni kanisani, na punde sauti yake ikatoka dirishani. Alimshukuru Mungu asiyetazama cheo wala uso wa mtu, kisha akamwombea mtumishi wake Cleophas, baba wa wasio na baba. Watu wakaitika amina.

Jescah alishika fito mbele, Roda nyuma. Machela iliinuka, ikateleza, ikarudi topeni. Wakashika tena. Walipofika njiani Jescah aligeuka mara moja. Pale ukutani alipokuwa amelazwa mwanawe, mabati yalikwisha kupangwa, na mtu alikuwa akiyafunika kwa turubai.