Makamu wa Rais wa Mpira wa Wavu

Mdogo wake hakuwahi kuupiga mpira wa wavu ukavuka. Kocha alilijua hilo tangu wakiwa shule, yeye akiruka uwanjani na mdogo wake akishika makoti ya wachezaji, akimwambia kila apitaye kwamba yeye ndiye meneja. Kutoka kwenye makoti akapanda kuwa katibu wa chama, kisha mjumbe wa shirikisho la dunia, na tangu hapo shingo yake haikukaa bila kitambulisho cha mkutano fulani. Hata msibani kwa baba yao alikivaa. Ukoo mzima ukamwita Beji, naye akadhani anasifiwa.

Mwaka ule timu ya taifa ya wasichana, aliyoifundisha dada mtu, ilifuzu mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza. Wakaingia kambini kwenye ukumbi uliovuja, wakatega ndoo sakafuni na kufanya mazoezi katikati yake.

Jumapili moja Beji akarudi kutoka uchaguzi ng'ambo, akafikia kwa mama yao mchana, familia ikila.

"Mama, msalimie makamu wa rais wa dunia!"

"Kumbe dunia ina rais?" mama akauliza.

"Wa mpira wa wavu, Mama."

Kocha akampongeza shingo upande, kisha akauliza tiketi za wasichana zitatoka lini.

Beji akachokonoa meno. "Ah, hilo. Tumejitoa."

"Nani kajitoa?"

"Chama. Usinikazie macho, dada. Wale wa nchi jirani mliowafunga walikuwa wanaitaka sana nafasi, na wana marafiki wengi mkutanoni. Nikawaachia, wakanipa kura. Sasa nchi yetu ina sauti mezani!"

"Na wasichana?"

"Bado wadogo, watafuzu tena. Hii ni siasa ya michezo. Ukiwa uwanjani huwezi kuielewa."

Kocha alimtazama kama mtu anavyotazama soli ya kiatu baada ya kukanyaga uchafu. Akasimama, akachukua funguo za gari.

"Twende ukawaambie mwenyewe."

"Leo? Nimechoka na safari."

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Kama ni jambo la heri, unaogopa nini?"

Ukumbini wasichana walimpigia makofi, maana walidhani amewaletea jezi. Akaongea juu ya dira, mchakato na maslahi mapana, jasho likimtiririka, mpaka nahodha akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo tulioshinda ni sisi, anayekwenda ni wewe?"

Beji akatoa simu ambayo haikuwa imeita, akasema, "Haloo, haloo," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Na kweli alikwenda. Picha yake akiwavisha jirani medali ya shaba aliituma mwenyewe kwenye kundi la familia. Kocha aliiangalia akitegemea hasira imjie, haikuja. Alichokiona ni mtu mzima anayetabasamu kwa kamera, basi. Akajiuzulu timu ya taifa, akaanzisha klabu na wale wasichana waliokubali kuendelea, nahodha akiwa wa kwanza.

Beji bado ni makamu wa rais, kipindi baada ya kipindi. Mwandishi wa habari aliwahi kumuuliza kocha kama anajivunia mdogo wake. Kocha alimwomba asogee pembeni, maana alikuwa amesimama kwenye mstari wa kuanzishia mpira.