Fatiha ya Aya Moja

Mwalimu Muhiddin alipotaka kukomesha uonevu skulini kwake, jambo la kwanza alilolifanya ni kuyapaka mawe ya uani chokaa. Kisha akaitisha mkutano wa wazazi, akaazima viti vya tawi la chama, akaagiza na halua. Waonevu wenyewe hakuwauliza kitu.

Mdogo wangu Tabia alikwisharudi nyumbani na nusu ya jino la mbele. Alisukumwa ngazini na Jaku, mtoto wa mwenyekiti wa tawi. Baba akasema anaungoja huo mkutano tu: ukipita bila ya neno la maana, Tabia hendi tena skuli, atakaa nyumbani asuke ukili wa mikeka na mimi, niliyeishia msingi.

Basi siku ya kuamkia mkutano nikamfuata Mwalimu. Nilimkuta anamfundisha mwanafunzi kusoma hotuba ya kupinga uonevu, na amchague nani kama si Jaku, kwa kuwa shati lake lina wanga na sauti yake haitetemeki. Nikangoja wamalize. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba huyu ndiye aliyemvunja Tabia jino.

Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. "Bi Mwanakheri, kesho ni siku ya mapenzi, si siku ya mashtaka."

Jaku, nyuma yake, akacheka bila ya kutoa sauti.

Siku ya pili yake tukakaa uani, mwenyekiti, ndiye mgeni wa heshima, kiti cha mbele. Jaku akasoma kwamba mwenye nguvu ni yule anayemlinda mnyonge. Walimu wakapiga makofi, na wanajua vyema wanampigia nani. Mwalimu Muhiddin alikuwa akitikisa kichwa kwa utamu wa maneno aliyoyaandika mwenyewe.

Halafu akamwita Tabia mbele. Akasema kumekuwa na kijineno baina ya watoto wawili hawa, basi tuwasomee Fatiha, yaishe.

Hapo nikamwelewa. Kwetu Fatiha ikishasomwa juu ya ugomvi, ugomvi umezikwa, na atakayeufukua ndiye mbaya. Mtu mzima, na kilemba chake, anamziba mtoto mdomo kwa maneno ya Mungu ili mgeni ale halua kwa raha.

Mikono ikainuka ua mzima. Yangu nikaiacha mapajani. Baba akanitupia jicho, akaishusha yake. Tabia akatuona, akaweka ya kwake nyuma ya mgongo.

Mwalimu alikuwa kaanza kwa sauti. Alipomaliza aya ya kwanza akasita. "Tabia, inua mikono."

"Hajanitaka radhi."

Mwenyekiti akauliza ni nani huyo, na radhi ya nini. Tabia akafunua mdomo, akamwonyesha jino.

"Huyu msomaji wenu."

Mwenyekiti akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama viatu. Ile sauti isiyotetemeka sijui ilikwenda wapi. Mzee wa watu akainuka, akamkamata Jaku mkono, wakatoka bila ya kuaga. Fatiha ikakatikia pale pale. Walimu wakaivamia halua, na Mwalimu Muhiddin, kipande shavuni, akatutangazia kwamba mkutano umefana.

Tulipofika Michenzani, wanapojenga yale majumba marefu, Baba akasimama.

"Kesho mwamshe Tabia mapema aende skuli," akaniambia. "Fatiha haikutimia, neno lingali wazi, na kila mtu kalisikia. Na amguse tena huyo Jaku, tumwone."