Viota Havikuganda

Ukumbi wa kanisa la kijiji cha Llanfadog hauna tanuri. Una jiko la gesi la plati moja, friji inayonguruma, na meza ndefu yenye mguu mbovu. Ndiyo maana kitafunio cha Pasaka hapo ni viota vya chokoleti: unayeyusha chokoleti katika bakuli lililokalia sufuria ya maji moto, unatia siagi na konfleksi za mahindi, unachota kijiko kijiko kwenye vikombe vya karatasi, unabonyeza katikati na kuweka vijiyai vya peremende. Kisha unasubiri vigande. Hata mtoto anaweza.

Shida ni huko kuganda. Katika kisiwa hiki cha Môn, chokoleti haigandi kwenye chumba chenye uongo. Hakuna anayejua ilianza lini, na hakuna anayeuliza, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini upepo wa huko hauchoki. Keki moja ya friji iliyokataa kuganda iliwahi kuvunja uchumba. Kwa hiyo wanawake wa Llanfadog wana desturi yao: kabla gesi haijawashwa, kila mmoja hutema kiuongo chake, wenzake humcheka, kazi ikaanza.

Jumamosi hiyo kabla ya Pasaka walikuwa watatu. Nia, mwalimu wa shule ya Jumapili, alitangulia.

"Nilimwambia mama mkwe sweta aliyonifumia imenikaa vizuri."

"Ile ya kijani? Mungu akurehemu," alisema Glenys, mke wa shemasi Idwal. "Haya, na mimi. Zile keki nilizoleta msibani, nikasema nimepika mwenyewe, nilinunua dukani."

"Hilo tunalijua sote, shoga. Zilikuwa tamu mno."

Walicheka, kisha wakakumbuka ulikuwa msiba wa nani. Menna alikuwa papo hapo mezani, akivunjavunja chokoleti. Mwanawe, Deio, alikufa msimu wa kuvuna viazi, trekta la Idwal lilipompindukia mteremkoni. Idwal aliwaambia wakaguzi wa ajali kwamba kijana alikuwa amelewa. Mashamba ya Idwal yanalisha nusu ya kijiji, na kijiji kizima kikasema hivyohivyo. Menna hakutaka fidia wala kesi. Alitaka mtu mmoja mwenye kujua aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hakuwa mlevi. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga ukumbini. Leo alikuja bila kualikwa, na aproni yake.

"Mimi sina uongo," alisema. "Washa."

Chokoleti iliyeyuka vizuri. Viota vilipangwa kwenye sinia, vikaingizwa kwenye friji. Nia alipovitoa, vilikuwa vinang'aa na kuchezacheza kama supu. Akavipeleka nje, kwenye ukuta wa makaburi, ambako baridi ilikuwa ya kukata masikio. Akavirudisha vilevile.

"Labda siagi imezidi," alisema Nia, ingawa alijua siagi haikuzidi.

"Siagi haina kosa," alisema Menna. "Glenys, tema kingine."

Glenys alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Alisema anapaka nywele rangi. Chokoleti ikafifia kidogo pembeni, dalili ya kuganda, kisha ikarudi kung'aa. Alisema hapendi sauti ya mchungaji. Ikafifia tena, ikarudi. Nia aliinama akaanza kupangusa sakafu iliyokuwa safi. Mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha trekta lile la Idwal sasa, na alitamani sana kutokuwa mahali pale.

Ndipo Idwal alipoingia kupanga viti. Alipovua kofia tu, pakiti za chokoleti zilizokuwa bado hazijafunguliwa zilinywea rafuni, na bakuli likaanza kuchemka ingawa gesi ilikuwa imezimwa. Nia alilisogezea kitambaa chini lisiichafue meza.

"Habari za hapa, kina mama?" alisema Idwal. "Menna, nimefurahi kukuona. Maisha yaendelee."

"Idwal, Deio alikunywa siku ile?"

"Mama, haya tulishayamaliza. Kijana alilewa. Sote tulimpenda."

Chokoleti ilifura ikamwagika. Ilipita mezani, ikashuka kwenye ule mguu mbovu, ikaelekea kwenye viatu vyake. Idwal alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mbwa.

Glenys aliitazama.

"Breki," alisema. "Nilikwambia tangu kiangazi breki hazishiki, ukasema tumalize viazi kwanza. Deio hakunywa kitu. Asubuhi ile alikunywa chai kwangu, jikoni."

Viota vilivyokuwa mbele yake viliganda papo hapo, kwa mlio kama wa kuvunja kijiti. Menna alikigusa kimoja kwa kidole. Kilikuwa kigumu. Aliona uchungu na furaha vimemshika kwa pamoja.

"Umesikia, Nia?" aliuliza.

Nia alikuwa bado ameinama na kitambaa chake. Alisema, "Mimi nilikuwa napangusa, Bi Menna."

Kikombe kilichokuwa karibu naye kililainika.

"Vaa koti, Glenys," alisema Idwal. "Kesho ni Pasaka." Glenys alivaa koti, wakaondoka. Viti vilipangwa na Menna.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto walikariri aya zao. Idwal alisoma habari za kaburi tupu kwa sauti yake nzuri, na kila mtu alikubali kwamba mwaka huu amesoma vizuri zaidi. Baadaye ukumbini viota viliyeyuka vyote, hata vile vya Glenys, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Watu walivishika kwa mikono miwili wasichafue nguo za sikukuu, na watoto wakavinywa, wakasema ni vitamu kuliko vya zamani.

Mwaka uliofuata kamati ya kanisa ilinunua vijiko vya kulia viota. Kazi ya kuviosha alipewa Menna, kwa sababu, walisema, yeye hana mtoto wa kumwahi nyumbani.