Ngazi Chini ya Meza

Haba na haba humaliza kibaba. Wanaosema hujaza hawajawahi kufanya kazi ya dagaa.

Mkaguzi alikuwa katika mwaka wa pili wa kazi hiyo, ndani ya kibanda cha bati kilichotazama vichanja vya kuanikia. Meza ilikuwa ya marehemu mama yake, wembe ulikuwa wa mama yake, na ile harufu iliyoganda ukutani ilikuwa ya mama pia, hata mara nyingine aligeuka ghafla kumwamkia. Kanuni ya ufukwe ilikuwa moja: pasua dagaa kumi. Wengi wakikutwa na mayai, basi wamekomaa; tia saini, nyavu zishuke. Urefu hakuna aliyeuuliza. "Mwenye mayai si mtoto," mama alizoea kusema, akipangusa wembe kwenye aproni.

Asubuhi hiyo tisa kati ya kumi walikuwa na mayai. Mkaguzi alishika kalamu, akamtazama yule wa mwisho kati ya hao tisa. Hakufika urefu wa kidole chake kidogo, na tumbo lilikuwa limejaa punje za njano. Jicho lilimkodolea kana kwamba linasubiri jibu.

Kalamu ikamponyoka. Akainama mvunguni kuiokota, akainua macho, akaganda.

Ubao wa chini ya meza ulikuwa umechorwa kwa msumari. Mistari thelathini, kila mmoja na mwaka wake, kila mmoja mfupi kuliko wa juu yake, kama ngazi ya kushukia kisimani. Wa kwanza ulienea kiganja. Wa mwisho ulikuwa wa mwaka aliofariki mama. Akanyoosha mkono mezani, akamchukua yule dagaa, akambana kwenye huo wa mwisho. Hakuufikia.

Hapo akaelewa. Mama alikuwa akimchora dagaa mdogo kuliko wote mwenye mayai, mwaka hadi mwaka. Maji yalikuwa yamepata joto kama ya kumwogeshea mgonjwa. Chakula cha dagaa kilichokuwa kikipanda na maji baridi ya chini hakikupanda tena. Na dagaa, kama anayejua hatafika uzee, alibeba mimba utotoni. Mama aliona yote hayo. Na kila asubuhi alitia saini.

"We mkaguzi, umehamia mvunguni? Vichanja vyangu vinapiga miayo huku!" Alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu, mwenye vichanja vilivyolisha ukoo mzima.

"Mama mdogo, njoo uone."

"Nione nini, buibui?" Alichuchumaa, magoti yakalia. Kisha utani ukamwisha mdomoni. Aligusa mstari wa kwanza. "Huu ndio mwaka ulioota meno."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimmulikia tochi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikamwambia, dada, tukisema tutakula nini? Akajibu, basi nitasema mwakani."

Mwakani thelathini. Nje, upepo ulipita kwenye vichanja vitupu, nyavu za kuanikia zikachakarika kama maelfu ya dagaa wakavu wanaojigeuza wakimtafuta mtu.

"Tia saini, mwanangu. Mayai wanayo. Kanuni ni kanuni."

"Ni watoto wenye mimba, mama mdogo."

"Na sisi je? Tutaanika mawe?"

Mkaguzi alitoka mvunguni. Aliandika urefu wa yule dagaa kwenye karatasi, akaongeza *Nyavu zisishuke*, akaibandika mlangoni. Wavuvi wakasogea, wakasoma, wakaguna.

"Mama yako hakutufanyia hivi hata siku moja!" nahodha mmoja alifoka.

"Najua."

"Unajua nini, we kinda? Nina watoto sita!"

Mama mdogo alimvuta mkaguzi ndani kwa mkono. "Waombe radhi, angalau. Neno moja tu. Kesho utapita milangoni mwao kuomba chumvi."

Mkaguzi alichukua msumari, akarudi mvunguni. Mama mdogo akatoa tochi mfukoni, akammulikia kama zamani. Mstari mpya ulikuwa mfupi kuliko yote, ulichorwa kwa mkwaruzo mmoja.

"Haya, umemaliza. Sasa toka ukaseme samahani."

"Sisemi," alisema mkaguzi kutoka chini ya meza. "Siombi radhi. Si leo, wala mwakani."